Dozi kwa Cheo

Tulikuwa tumeshaipita sanamu ya mwisho ya mji mkuu, na king'ora cha mbele kimeanza kumeza vumbi la barabara ya mikoani, Mheshimiwa alipopiga chafya.

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwa woga. Bado nina nia ya kupita tena, na pale mpakani kwao wana kumbukumbu nzuri.

Mimi nilikuwa kwenye lori la tatu. La kwanza lilibeba viti vya Mheshimiwa, maana Mkuu wa Nchi hakalii kiti ambacho hakijasafiri naye. La pili lilibeba zulia. La tatu lilitubeba sisi wapiga makofi. Kazi ile niliipata siku niliyoingia nchini. Niliulizwa kama mikono yangu yote miwili ni mizima, nikasema ndiyo, nikaajiriwa. Kwingine huwa naulizwa vyeti, na elimu yangu ni ya vipande: darasa la kwanza nililisoma bara, la tatu pwani, la pili hatujaonana mpaka leo. Pale hawakujali. "Mpiga makofi ni mikono," alinieleza msimamizi wetu. "Kichwa utakikuta kazini."

Sasa, gari la Mheshimiwa lina vipaza sauti juu ya paa, na huwa vimewashwa muda wote ili wananchi wasikose busara inayoweza kumtoka ghafla. Kwa hiyo chafya ile ilisikika mashamba yote ya kulia na ya kushoto. Ng'ombe walikimbia. Msafara mzima ukasimama, maana chafya haikuwamo kwenye ratiba.

Tukamwangalia msimamizi: tupige, tusipige? Akafikiri sana, jasho likamtoka. Mwishowe akainua mkono. Tukapiga.

*

Mheshimiwa Shomvi Lukindo alikuwa mgeni madarakani. Kabla ya hapo alikuwa mkaguzi wa mizani za sokoni. Wakubwa wa nchi walikuwa wamegombana muda mrefu kuhusu mwizi yupi kati yao ashike usukani, na waliposhindwa kuafikiana wakamweka mtu mkweli, kwa muda tu, mpaka watakapoelewana.

Ukweli wake ndio uliotaka kumuua, na nitaeleza vipi.

Nchi ile ina Sheria ya Dozi kwa Cheo. Aliitunga Profesa Chambuso, Waziri wa Afya na Sherehe, siku aliposhikwa na mafua akasoma kasha la dawa ya dukani. Kasha lilisema: mtu mzima, vidonge viwili. Profesa akashtuka. Akaenda bungeni na kasha lake mkononi, akauliza huku machozi yakimlengalenga:

"Waheshimiwa! Kuli wa stesheni ni mtu mzima. Nami ni mtu mzima? Yeye viwili, na mimi viwili? Tulisoma ili iweje?"

Wabunge walipiga meza mpaka seremala akaitwa. Siku hiyohiyo sheria ikapita. Raia viwili. Diwani vinne. Mbunge sita. Waziri vinane, kwa mkupuo. Watoto wa wakubwa wakapewa dozi ya watu wazima kwa heshima ya ukoo, ingawa kifungu hicho kilifutwa kimyakimya baada ya kitukuu cha Spika kulala kutwa nzima asiamshike. Na Mkuu wa Nchi? Mkuu wa Nchi anamezeshwa sinia. Sinia halina idadi, kwa kuwa heshima haihesabiki.

Utaniuliza, mbona wakubwa wale hawakufa? Hawakufa kwa sababu hakuna aliyemeza. Kila mmoja alikuwa fundi. Kidonge kinaingia mdomoni, kinajificha shavuni, mwenyewe anasema "Nashukuru kwa heshima hii", anatoka nje kutazama maua, anatema. Nyumbani kwake, mlango umefungwa na pazia limeshushwa, anameza viwili kama kuli. Maua ya wizara zote yalikuwa yamekauka, na iliundwa kamati kuchunguza ukame huo. Wajumbe walikutana palepale bustanini, wakitema.

Ila Mheshimiwa Shomvi hakuambiwa. Nani angemwambia? Kumwambia ni kukiri. Yeye alijua jambo moja tu: sheria ni kama mizani, ukiichezea wewe mkubwa, nani atamkamata muuza sukari?

*

Ikulu Ndogo ya mji wa Mto Mkavu, tulikomfikisha, ina chumba maalumu cha kuugulia. Kitanda kipo katikati, kamera zipo upande wa madirisha, na ukutani kuna benchi refu la wapiga makofi, kwa kuwa kila kidonge cha Mkuu wa Nchi lazima kipigiwe makofi kinapoteremka. Kwa hiyo haya niliyaona mwenyewe.

Asubuhi yake Mheshimiwa alikuwa ameketi kitandani, kofia ya sufu kichwani, pua nyekundu kama nyanya. Mkewe, Bi Sikudhani, alikuwa akimpoozea supu ya kuku iliyotiwa tangawizi.

"Baba Tunu, haya ni mafua," alisema. "Kunywa supu, lala. Wiki ijayo utakuwa unanigombeza kama kawaida."

"Mama Tunu, mimi si wa kulala tena," Mheshimiwa akajibu kwa pua iliyoziba. "Mimi sasa ni taasisi."

"Taasisi gani inayotiririka kamasi? Shika kitambaa."

Mlango ukafunguka, wakaanza kuingia. Nchini kwao kila wizara ina dawa yake ya mafua, maana ni aibu wizara kuponyeshwa na wizara nyingine. Ulinzi wakaleta vidonge vya kijani viitwavyo Dume la Homa. Uvuvi wakaleta vya bluu, Pumzi Bahari. Fedha wakaleta vya rangi ya dhahabu, Kinga Kuu. Profesa Chambuso mwenyewe akaleta unga wa kukoroga kwenye maji ya moto uitwao Moto Mtamu, na chupa ya dawa ya kifua.

Mheshimiwa alimeza vya kijani. Tukapiga. Akameza vya bluu. Tukapiga. Mkuu wa Mkoa akaleta kibuyu cha pombe ya mnazi ya kuteremshia vya dhahabu. Bi Sikudhani akakipokea kwa adabu, akakimwaga dirishani kwa adabu ileile.

"Hebu simameni!"

Huyo alikuwa Daktari Riziki, daktari wa msafara, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kushindana na jenereta. Alikuwa ameyakusanya makasha yote mapajani, anasoma maandishi madogo ya pembeni, yale ambayo watu huyatupa pamoja na kasha.

"Dume la Homa: parasetamoli," akasoma. "Pumzi Bahari: parasetamoli. Kinga Kuu: parasetamoli na rangi. Moto Mtamu: parasetamoli, limau na sukari. Profesa, huyu mtu anameza dawa moja kwa majina manne!"

"Daktari, hizo ni wizara tofauti."

"Ini lake halijui wizara."

Mpiga makofi mmoja, mgeni kazini, akapiga kofi moja, akajishika mkono.

"Mtu mzima, viwili," Daktari akaendelea. "Akae saa nne, au bora sita, ndipo ameze vingine, na kutwa nzima visizidi vinane. Na ukishameza hivi, usimeze na hivi, hata kama rangi inapendeza. Mheshimiwa ameshapita kiwango cha kutwa, na saa tatu ya asubuhi haijagonga."

Profesa Chambuso akamvuta pembeni. Pembeni kwenyewe kulikuwa miguuni pangu, kwa hiyo nilisikia.

"Riziki, unataka nimpe Mkuu wa Nchi viwili? Mbele ya kamera? Majirani watasema tunaongozwa na mtu wa viwili!"

"Nawe nyumbani unameza vingapi, Profesa?"

Profesa akatazama dari. "Hilo ni suala la kifamilia."

Kisha akarudi kitandani na chupa yake. "Mheshimiwa, kijiko kikubwa cha dawa ya kifua."

"Hiyo inalaza!" Daktari akapiga kelele. "Imeandikwa hapo, akinywa asiendeshe gari!"

"Haendeshi gari," akasema Profesa. "Anaendesha nchi."

Mheshimiwa akanywa, akajipangusa mdomo, akamgeukia Daktari kwa upole wa mtu mzito wa kubadilika.

"Riziki, mwanangu. Mimi nimekagua mizani tangu ujana. Hakuna muuza sukari aliyewahi kuniambia sheria haimhusu nikamwacha. Leo niseme hainihusu mimi?"

"Baba, hebu nikuulize. Sokoni kwako, kilo ya diwani ilikuwa na jiwe lake, na kilo ya kuli jiwe lake?"

Mheshimiwa akafungua mdomo kujibu. Uso wake ulibadilika kabisa, nikaona swali limempata. Halafu dawa ya kifua nayo ikampata. Akalala kabla ya neno la kwanza.

Tukapiga makofi. Gazeti la serikali liliandika kwamba Mkuu wa Nchi alimjibu daktari kwa ukimya wa kihistoria.

*

Alipoamka, jua lilikuwa limepita kichwani. Alisema anajisikia vizuri, ila kichefuchefu kidogo.

"Mnaona!" Profesa Chambuso akawaambia waandishi. "Kiongozi anang'aa! Na alasiri hii, uwanjani, mbele ya wananchi wote, atameza Dozi ya Taifa: sinia zima, kutoka kila wilaya."

Daktari Riziki hakupiga kelele safari hii. Ndipo mimi nilipoogopa. Alimshika Bi Sikudhani mkono, akasema taratibu:

"Mama, sikiliza. Ini si kama jino, halilalamiki mapema. Mtu anaweza kujiona mzima siku nzima huku limeshaanza kuharibika. Siku likimuuma chini ya mbavu na macho yakawa manjano, tumechelewa. Dawa ya kuliokoa ipo, hospitali ya wilaya wanayo. Lakini ni leo. Na akimeza sinia lile, sijui."

"Basi twende."

"Sheria haimruhusu Mkuu wa Nchi kulazwa hospitali ya nchini. Ni kuidhalilisha."

"Kuidhalilisha nchi?"

"Hospitali. Wanasema itajulikana ilivyo."

Bi Sikudhani akakaa. Akavua kanga ya kichwani, akaikunja, akaivaa tena. Nimeona wanawake wengi wakiwaza, na huyu aliwaza kama anayepiga hesabu ya harusi yenye wageni wengi na mchele mchache. Kisha akamwita Profesa.

"Profesa, baba yangu, mimi sikusoma sana sheria. Niambie, mume wangu akiwa mtu wa kawaida, anapewa vingapi?"

"Raia? Viwili. Lakini bibi..."

"Na hospitali ya wilaya analazwa?"

"Raia analazwa popote, hata chini. Lakini bibi..."

"Na Mkuu akiacha cheo akiwa safarini, nani anakishika?"

Hapo Profesa akatabasamu, maana hilo alikuwa akilisoma kila akienda kulala. "Katiba inasema, cheo kinashikwa na yeyote aliyekabidhiwa kipaza sauti, kwa kuwa nchi haiwezi kukaa kimya."

"Ahsante sana, baba," akasema Bi Sikudhani. "Leo uwanjani ukae karibu naye."

*

Uwanja ulijaa. Watoto wa shule walikuwa wamepangwa mistari tangu asubuhi, na mistari ikavurugika tena. Jukwaani palikuwa na viti vilivyosafiri, zulia lililosafiri, na katikati, juu ya meza, sinia. Vidonge vyake vilikuwa vimepangwa kufuata rangi za bendera.

Mheshimiwa alipandishwa, Bi Sikudhani akimshika mkono mmoja, Daktari mwingine. Alikuwa amekunja uso, na mimi nilidhani ni kichefuchefu. Akachukua kipaza sauti. Akatazama sinia. Akatazama umati.

"Wananchi wenzangu," alisema, na sauti ilikuwa imekwaruza. "Nilikuwa mkaguzi wa mizani. Asubuhi nimeulizwa swali nikalala kabla sijajibu. Najibu sasa. Kilo ni kilo. Diwani akila sukari, kuli akila sukari, jiwe ni lilelile. Mwili nao nimeona ni hivyohivyo. Sheria hii siwezi kuivunja nikiwa hapa juu, na nikiifuata itanizika. Kwa hiyo nashuka. Kuanzia sasa mimi ni mtu mzima tu."

Akampa Profesa Chambuso kipaza sauti, akateremka ngazi. Gari lilikuwa linanguruma chini, mlango wazi.

Hatukujua tupige au tusipige. Msimamizi wetu alikuwa amekaa chini.

Profesa hakupoteza hata sekunde. "Wananchi! Kwa unyenyekevu mkubwa, na kwa mshangao ambao nimejiandaa nao kwa miaka mingi, mimi, Profesa, Mhandisi, Balozi, Chifu wa Heshima wa makabila yote yaliyoombwa, napokea..."

Hapo akapiga chafya.

Ukweli ni kwamba alikuwa na mafua tangu juzi yake. Aliyaita mzio wa vumbi.

Umati ukaguna. Bi Sikudhani, aliyekuwa keshafika kwenye mlango wa gari, akageuka. Akapanda tena ngazi, pole pole, akalisogeza sinia mpaka tumboni kwa Profesa.

"Pole na mafua, Mheshimiwa," akasema, na kipaza sauti kikamsikia. "Karibu umeze."

Profesa akacheka kidogo. Akachukua kidonge cha kijani, akakiweka mdomoni, shingo ikapanda na kushuka kiufundi kabisa. "Nashukuru kwa heshima hii. Sasa, nitoke kidogo nikaangalie maua..."

"Mheshimiwa, tuoneshe ulimi."

"Nini?"

"Ulimi tu. Wananchi wafurahi."

"Ulimi!" akasema mtoto mmoja wa shule. "Ulimi! Ulimi!" wakaitikia wote, na mikono yetu, ambayo imezoea kufuata mdundo wowote, ikaanza kupiga yenyewe.

Profesa alisimama pale, shavu limetuna upande mmoja. Akalitazama sinia. Niliona akilihesabu, yeye aliyesema heshima haihesabiki. Jasho likamtoka. Akatema kidonge kwenye kiganja, akasema kwa sauti ndogo sana, lakini kile kifaa kiliifikisha mpaka sokoni:

"Jamani. Mimi nami ni mtu mzima tu."

Akampa Waziri wa Ulinzi kipaza sauti, akashuka kwa upande usio na ngazi.

Waziri wa Ulinzi alikuwa anakohoa. Akampa wa Fedha. Wa Fedha alikuwa na kitambaa puani. Akampa wa Uvuvi. Mafua yalikuwa yameshazunguka msafara mzima, maana tulikuwa tumebanana magarini na kwenye kile chumba cha kuugulia, tunakoholeana. Kipaza sauti kilitembea jukwaani kama kaa la moto, kikashuka kwa wakuu wa idara, kikashuka kwa madiwani, kikaja kwenye benchi letu. Kilinifikia mimi. Kwa muda wa pumzi mbili nilikuwa Mkuu wa Nchi, na nakiri nilipendezwa. Kisha pua ikaniwasha. Nikampa mtu aliyekuwa nyuma yangu.

Mtu huyo alikuwa Kitojo, dereva wa lori la viti. Hakuwa mhudumu wa shughuli ile hata kidogo. Alikuwa amekuja kuuliza kama apakie. Usiku uliotangulia alilala peke yake ndani ya lori lake, akiwa amefunga vioo, kwa sababu hapendi kelele za watu wanaokohoa.

Tulimngoja apige chafya. Hakupiga.

Akatazama kipaza sauti, akatazama sinia, akatazama nyuso zetu zote zenye kamasi.

"Haya mavidonge," Mheshimiwa Kitojo akasema, "yanapanda lori gani?"

Tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka.

*

Shomvi Lukindo alifikishwa hospitali ya wilaya alasiri hiyohiyo. Alitundikiwa dripu ya kuliokoa ini. Alikaa siku kadhaa, kitanda kimoja na mgonjwa mwingine, mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni pa yule, kama kawaida ya pale. Alipona. Siku hizi anakagua mizani za soko. Akiulizwa cheo husema, mtu mzima.

Bi Sikudhani anaishi naye. Makasha ya dawa huyafungia kabatini, na hakuna anayemeza kabla hajasoma maandishi ya pembeni kwa sauti. Wajukuu hupewa dawa ya watoto kwa kijiko chake.

Daktari Riziki alihamishiwa kituo cha mpakani, kwa kosa la kupaza sauti karibu na ini la Mkuu wa Nchi.

Profesa Chambuso anaishi ng'ambo, kwenye nchi kavu isiyo na mvua. Anatoa mihadhara. Akiugua humeza viwili, mlango umefungwa.

Mawaziri walirudi wizarani walipopona. Kamati ya kuchunguza ukame wa maua bado inakutana.

Sheria ya Dozi kwa Cheo haijafutwa. Kitojo ndiye Mkuu wa Nchi mpaka leo, na hajawahi kushikwa na mafua, kwa hiyo hakuna aliyepata nafasi ya kuitumia. Analala ndani ya lori. Vidonge vya sinia vilirudishwa kiwandani, vikasagwa, vikapakwa rangi nyingine.

Mimi niliondoka siku ya pili baada ya mkutano ule wa uwanjani. Daktari Riziki, aliyekuwa ameripoti kituoni asubuhi hiyo, alinipa vidonge viwili na maji, akaniuliza kama nimemeza kingine chochote. Nikasema hapana. Mafua yangu yaliisha yenyewe baada ya wiki, kama kawaida yake.